Kuhamishwa si Kubadilishwa

Masjala, Hospitali ya Macho
Tarehe 14 Machi

Wifi,

Baada ya salamu, ambazo nimezifupisha kwa makusudi, usishangae kupata barua ya kalamu kutoka kwa mtu ambaye mezani pake pana kompyuta. Kila ninachoandika kwenye kompyuta hii kinapita kwenye hilo jengo lenu la mitambo, na jengo lenu ndilo ninalotaka kuliulizia. Kwa simu nako siwezi. Nyumba yetu unaijua, kuta ni mbao nyembamba. Ukipiga chafya chumbani, jikoni wanakujibu.

Mama yenu anaendelea vizuri. Alipasuliwa jicho la kulia tarehe 7 mwezi huu, na tangu juzi anakwenda msalani bila kushika ukuta. Namshukuru Mungu. Lakini nina jambo.

Unajua foleni ya konea inavyokwenda. Kile kioo cha mbele ya jicho hakiuzwi dukani. Kinatoka kwa marehemu aliyekubali kutoa akiwa hai, na kikipatikana anapewa aliyeandikishwa mapema kuliko wenzake. Mama tulimwandikisha tarehe 11 Juni mwaka jana. Mbele yake alikuwepo mtu mmoja tu, fundi saa, yule mwenye kibanda karibu na posta. Huyo nilimwandikisha kwa vidole vyangu tarehe 3 Februari mwaka jana. Siwezi kuisahau siku hiyo, kwa sababu ndiyo tuliyoanza kutumia mfumo wenu mpya, na yeye ndiye mgonjwa wa kwanza niliyemwingiza. Nilichukua nusu saa nzima. Akaniambia, "Mama, mimi kwa muda huu ningekuwa nimeshafungua saa, nimeisafisha, na nimeirudisha ukutani."

Alhamisi iliyopita alikuja kuuliza kama zamu yake bado. Nikafungua rekodi yake. Tarehe ya kuandikishwa: 3 Desemba. Nikafuta miwani, nikasoma tena. Desemba. Ndiyo maana konea ilimpita ikaenda kwa Mama.

Nikashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, kwenye yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Yanasema: Imehamishwa 22 Februari, kutoka seva 4 kwenda seva 11. Nikafungua rekodi ya Mama. Haikuhamishwa. Imetulia palepale.

Na hizi namba zenu za wagonjwa, mbona hazifuatani? Fundi saa alitangulia, ana namba kubwa. Mama alikuja nyuma, ana ndogo. Zamani namba ingenionyesha nani alitangulia. Sasa ni kama mtu alizimwaga kwenye ungo akazipepeta.

Nani aliihamisha hiyo rekodi, wifi? Katika ukoo huu mwenye mkono kwenye hizo seva ni mmoja tu. Sikutuhumu, nauliza. Lakini waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea.

Kaka yako hajui kama nimekuandikia.

Mimi,
Mke wa kaka yako


Jengo la Mitambo
Tarehe 21 Machi

Bibi Faili,

Hukunituhumu, umeuliza tu! Siku ukinituhumu naona barua italetwa na askari wawili na mbwa.

Wewe ni mtu wa masjala, basi nitakueleza kwa makabati. Humu ndani tulikuwa na seva tisa. Chukulia kila seva ni kabati. Rekodi za hospitali zote za mkoa, macho, mifupa, watoto, haziwezi kukaa kabati moja, kwa hiyo zimegawanywa mafungu, na kila kabati limebeba mafungu yake. Mgonjwa mpya akiingia, mfumo unachukua namba yake, unaipigia hesabu, na jibu la hesabu ndilo linalosema aende fungu gani. Hauangalii jina lake, wala ugonjwa wake, wala mkwe wake ni nani.

Fungu likinenepa kupita kiasi, mfumo unalikata mawili. Tukileta makabati mapya, mfumo unatoa baadhi ya mafungu kwenye makabati yaliyoelemewa na kuyapeleka kwenye mapya, mpaka mzigo uwe sawa. Tarehe 22 Februari tulileta seva tatu mpya. Kabla sijamaliza chai, rekodi kama elfu arobaini zilikuwa zimehama, na yangu ya goti imo. Zilihama zenyewe, hakuna aliyechagua. Sisi tulichomeka waya tu, tukakaa kutazama.

Na namba kutofuatana ni kwa makusudi. Zingefuatana, wagonjwa wote wapya wangerundikana kwenye kabati la mwisho, lile lizidiwe na mengine yapige miayo. Ndiyo maana tunazichanganya.

Wifi, kuhamishwa si kubadilishwa. Mtu akihama nyumba, mlango ndio unaokuwa mwingine. Siku yake ya kuzaliwa ni ileile.

Hata hivyo sitaki uniamini kwa maneno. Kila fungu tunalitunza nakala tatu, kwenye seva tatu tofauti. Moja ikizimika, mfumo unatengeneza nakala nyingine kwenye seva nzima, bila kumngoja mtu. Sasa, seva ya sita iliharibika feni tarehe 24 Februari, siku mbili baada ya huo uhamisho wako. Ilikuwa na nakala moja ya fungu la fundi saa. Iko hapa kwenye benchi langu, imezimwa, na ndani yake mambo yamesimama kama yalivyokuwa siku ile. Nitaichungulia. Ikisema Desemba, uhamisho wetu una kosa, nami nitakuja kukupigia magoti. Ikisema Februari, tutatafuta pengine.

Ila nami nina swali, maana wewe huulizwi. Una hakika hukukosea kuandika?

Mbusu Mama kwenye jicho jipya. Taratibu.

Chiriku


Masjala, Hospitali ya Macho
Tarehe 28 Machi

Wifi,

Barua yako imefika nyumbani ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena. Gundi iliyotumika ni nyeupe, kama ile ya watoto wa shule, na ilikuwa imemwagikia stempu. Wewe ulifunga kwa gundi hiyo? Nijibu hilo kwanza.

La pili, nimesoma habari za makabati mara tatu na nimeelewa. Kuelewa si kuamini. Nimekaa masjala miaka kumi na tisa, na neno nililolisikia kuliko yote ni hilo lako: "lenyewe". Faili limepotea lenyewe. Faili limerudi lenyewe, bila ukurasa wa nne. Faili halina miguu, wifi. Kila lilipotembea, nilikuta mtu amelibeba.

Sikukosea kuandika. Siku ile nilimsomea kwa sauti kila nilichoandika, naye akaitikia.

La tatu. Daktari amempima fundi saa Jumanne. Jicho la kushoto lilishakufa tangu mwaka juzi. La kulia ndilo alilokuwa akilitegemea, na sasa lina kidonda. Daktari amesema konea ile iliyokuja Machi ingemfaa sana. Alisema hivyo mbele yangu, na mimi ndiye niliyeshika kalamu. Mzee wa watu akatabasamu, akasema, "Basi ilikuwa haijaandikwa yangu." Nilitoka nikasimama kwenye ukumbi nikijifanya natafuta fomu.

Kwa hiyo sikiliza. Kama ulimsaidia Mama, niambie. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha, mimi ndiye niliyemfunga mkono alipoungua na birika. Nitaelewa. Sitasema nitakubali, lakini nitaelewa. Ila usinizungushe na hesabu za mafungu kama mtoto.

Mke wa kaka yako


Jengo la Mitambo
Tarehe 4 Aprili

Kwako Karani,

Nimeiwasha seva ya sita peke yake, bila kuiunganisha na zile nyingine, nikaisoma. Tarehe 24 Februari rekodi ya fundi saa ilisema 3 Februari. Yaani siku mbili baada ya kuhamishwa ilikuwa haina doa. Uhamisho haukugusa kitu.

Kisha nikafungua daftari la mabadiliko. Humo mfumo unamwandika kila anayebadilisha chochote: lini, kutoka kompyuta gani, kwa jina gani. Masjala hamlioni, lakini lipo.

Rekodi ya fundi saa ilibadilishwa tarehe 28 Februari, saa saba na dakika ishirini mchana. Kwenye mwezi palikuwa na 2, ikawekwa 1 mbele yake. Tarakimu moja tu, na mtu akasukumwa nyuma miezi kumi. Kompyuta ni ya masjala, ile ya dirishani. Jina lililotumika ni lako.

Nimesoma mara nne nikitaka liwe la mtu mwingine.

Sasa zamu yangu kuuliza. Mtu anayeishi na Mama, anayemwogesha, na mwenye ufunguo wa foleni nzima, anakaa chini kuniandikia mimi barua mbili akinitaka nikiri. Tena kwa maandishi. Ungeifanyia nini karatasi hiyo, wifi, kama ningekuwa mjinga wa kukiri? Ungeiweka kwenye faili lipi?

Na bahasha yangu niliifunga kwa ulimi. Sina gundi. Hata hilo la gundi sijui kama ni kweli.

Msimamizi wangu sijamwambia. Bado.

Fundi wa Seva


Masjala, Hospitali ya Macho
Tarehe 8 Aprili

Wifi,

Tarehe 28 Februari saa saba na dakika ishirini sikuwa mezani kwangu. Daktari aliniita chumbani kwake saa saba kamili tupange orodha ya wagonjwa wa wiki ile. Nimekwenda kuangalia daftari lake la miadi. Limeandikwa, na sahihi yangu ipo. Nilirudi saa nane kasoro dakika kumi. Kompyuta niliiacha wazi. Hilo ni kosa langu na sitalikana.

Hii barua yako ya pili nayo imefika na gundi nyeupe.

Usiniandikie tena nyumbani. Andika hospitali, bahasha iandikwe "mkononi mwake". Nipe siku tatu kabla hujamwambia mtu yeyote. Usiniulize kwa nini.

Kwa barua yangu ya kwanza, na ya pili pia, nisamehe.

Wifi yako


Jengo la Mitambo
Tarehe 10 Aprili

Wifi yangu,

Siku tatu za nini? Kaka amenipigia simu.

Unamjua kaka. Mimi hunipigia akitangaza msiba au akitafuta chaja yake. Jumatano kapiga mchana nikiwa kazini, sauti ya asali. Hujambo mdogo wangu, kazi inakwendaje, baridi huko vipi. Nikasema moyoni, leo kuna jambo. Akazunguka, akazunguka, halafu:

"Hivi hizo seva zikiharibika huwa mnazipeleka wapi?"

"Zinafutwa, zinatengenezwa, zinarudi kazini."

"Hata hiyo ya sita?"

Nikasikia redio ya huko nyumbani ikitangaza bei ya mbolea.

"Kaka," nikamwambia, "nani alikutajia ya sita?"

"Si wewe, juzi?"

"Juzi hatukuongea. Wala mwezi uliopita."

Akasema mtandao unakata. Mtandao haukuwa unakata, wifi. Mtandao ndio unaonilipa mshahara mimi.

Seva ya sita niliitaja mahali pawili tu, kwenye barua zangu kwako. Kwa hiyo gundi ni yake. Na yule uliyewahi kunisimulia, anayekuletea chakula cha mchana ofisini, akikaa kwenye kiti chako kukungoja, mpaka mlinzi anamwita karani msaidizi, ni yeye. Nilikuandikia maneno mabaya ambayo singemwandikia adui. Niliyaandika kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini ni wewe. Wewe ni wifi. Kaka ni kaka.

Sasa nikwambie na jambo linalonifanya nile nimesimama siku hizi. Seva ya sita iko kwenye orodha ya kufutwa tarehe 18. Daftari la mabadiliko linatunzwa siku sitini tu, kwa hiyo mstari wa tarehe 28 Februari utaondoka wenyewe tarehe 29 mwezi huu. Baada ya hapo hakuna mtu duniani atakayeweza kuonyesha kwamba fundi saa aliwahi kuwa wa kwanza, isipokuwa kumbukumbu yako. Na mimi sihitaji kufanya lolote. Nikikaa kimya tu, kila kitu kitasafishika. Hilo ndilo linaloniogopesha, kwamba sihitaji hata kunyanyua kidole.

Tukisema, kaka anakwenda mahakamani. Wewe huenda ukafukuzwa. Jicho la Mama litabaki kwa Mama, haliwezi kurudi. Tusiposema, unamjua anayebaki kwenye giza.

Mimi sina nguvu ya kuamua peke yangu. Niandikie haraka.

Chiriku


Masjala, Hospitali ya Macho
Tarehe 13 Aprili

Wifi yangu,

Nimemuuliza. Nilingoja arudi kazini, akavua viatu, nikaweka bahasha zako mbili mezani, upande wa gundi juu.

"Hii nini?" akasema.

"Wewe ndiye unayejua. Ulizisoma kabla yangu."

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa akaanza kuikwangua ile gundi kwa ukucha, polepole, kama mtu anayetoa magamba ya samaki.

"Uliniacha pale na orodha imefunguka," akasema. "Jina la Mama lilikuwa la pili. La pili! Miezi minane namwona anatafuta kikombe kwa kupapasa, anaungua, anacheka ili tusiumie. Na juu yake kuna mtu mmoja tu."

"Mtu mmoja ni mtu."

"Sikumjua. Niliogopa kugusa jina la Mama, ningejulikana. Nikagusa la mtu nisiyemjua. Tarakimu moja tu, mke wangu."

"Unamjua. Ndiye aliyekutengenezea saa ya baba yako, akakataa kupokea hela kwa sababu ilikuwa ya marehemu."

Hapo ndipo alipoacha kukwangua. Orodha yetu inaonyesha majina kamili, na yeye alimjua mzee yule kwa jina la kazi tu, kama sisi sote. Nakuambia ukweli wifi, nilimwonea huruma, na papo hapo nilitaka kumrushia sufuria.

Kisha akasema jambo ambalo sijaweza kulimeza. "Nilijua wakigundua watasema ni mashine. Wewe mwenyewe kila siku unalalamika mashine zinahamisha mafaili." Na ni kweli. Mimi ndiye niliyempa huo uongo, nikiupika kila jioni pamoja na chakula. Alipoona nimekuandikia wewe, akajua nimeshaufuata mkondo aliotaka. Aliniacha nikutuhumu mdogo wake, akazisoma barua, akaendelea kula.

Mlango wa chumba cha Mama ukafunguka. Tulimsahau. Alikuwa amevua kile kikinga jicho. Alimtazama mwanawe kwa muda, akaenda jikoni, akafungua bomba, akafunga, akarudi chumbani. Macho yalikuwa mabovu, masikio hayajawahi. Leo ni siku ya pili hasemi na mtu. Nikimpelekea chakula anaitikia kwa kichwa.

Nimemwandikia mkurugenzi wa hospitali. Nimeandika yote, na kwamba kompyuta niliiacha wazi mimi. Barua imo kwenye mkoba wangu tangu jana. Nimepita mbele ya mlango wake mara mbili nikaenda kuulizia karatasi za printa.

Lakini wewe usiningoje mimi. Izuie seva ya sita isifutwe. Ikishabaki ile, sitakuwa na njia ya kurudi nyuma, na nadhani ndicho ninachokitaka.

Wifi yako


Jengo la Mitambo
Tarehe 16 Aprili

Wifi yangu,

Imezuiwa. Nimeiandikia karatasi nyekundu, ISIGUSWE, na nimemwambia msimamizi wangu.

Kwanza nikuungamie. Barua yako ilinifikia jana asubuhi. Sikumwendea msimamizi mpaka leo saa nne asubuhi. Siku nzima ya jana nilikuwa nikiipita ile seva kwenye benchi, nikijiambia nina kazi nyingine. Na fundi mwenzangu alipouliza, "Hii ya sita niifute leo tumalize?" nilikawia kumjibu. Wifi, nilikawia mno. Mpaka akasema, "Wewe, nakuuliza."

Msimamizi alinisikiliza akiwa amesimama. Akauliza, "Aliyebadilisha unahusiana naye?" Nikasema ni ndugu yangu, tumbo moja. "Na aliyefaidika?" Nikasema ni aliyetuzaa. Akavuta kiti akakaa. Amenitoa kwenye shauri hili, kwa haki kabisa. Fundi mwingine ndiye aliyenakili rekodi ya zamani na ule mstari wa daftari la mabadiliko, mbele ya mashahidi wawili. Vimetumwa kwa mkurugenzi wenu leo hii. Kwa hiyo kama barua yako bado imo mkobani, itoe ukimaliza tu kusoma hapa, atangulie kusikia kutoka kwako.

Na mimi wananichunguza, kwamba niliiwasha ile seva bila kibali. Wana haki. Tangu mchana wenzangu wananiongelesha kwa adabu sana, kama mtu aliyefiwa.

Mama akisema neno lolote, hata la kunitukana, niandikie.

Chiriku


Nyumbani
Tarehe 19 Mei

Mwanangu Chiriku,

Mwandiko huu ni wangu. Usicheke mistari inavyopanda mlima. Ni miaka sita sijashika kalamu.

Wifi yako aliniambia unataka kujua nimesema nini. Sikusema kitu siku nne kwa sababu nilikuwa sijui nianzie wapi. Siku ya tano nilimwendea daktari, nikamuuliza kama kioo hiki kinaweza kutolewa kirudishwe kwa mwenyewe. Akaniambia, "Mama, konea si shati." Nikarudi nyumbani nikamwambia kaka yako avae viatu.

Tulikwenda mpaka kwenye kile kibanda karibu na posta. Nikamwambia asubiri nje. Fundi saa alikuwa anafungua saa ya mezani kwa vidole, skrubu anaziweka ulimini zisimpotee. Nilijitambulisha, nikamwambia yote. Hakuacha kazi. Alipozimaliza skrubu zote ndipo akatema ya mwisho mkononi, akauliza, "Mwanao yuko wapi?"

Nikasema yuko mlangoni.

"Aingie. Anishike mkono anipeleke hospitali. Nataka nimsikie akisema mwenyewe."

Kaka yako alimshika mkono. Kutoka posta mpaka hospitali ni mbali kwa mtu asiyeona, kuna mitaro na magari. Alikuwa anamwambia, hapa kuna ngazi mzee, hapa kuna jiwe mzee. Mimi nilikuwa nyuma yao. Nilikuwa nawaona wote wawili vizuri sana, mwanangu, na sikutaka.

Kwa mkurugenzi tulimkuta wifi yako ameshafika kabla yetu, barua yake iko juu ya meza. Kaka yako alisema. Alisema kwa sauti ndogo, fundi saa akamwambia rudia, akarudia.

Sasa mambo yako hivi. Kesi ya kaka yako ni mwezi ujao, na anaripoti polisi kila Ijumaa. Wifi yako alisimamishwa mwezi mmoja, amerudi juzi, lakini si masjala tena, wamemweka mapokezi. Anampikia mumewe, hasemi naye. Mimi simwambii amsamehe wala asimsamehe. Wifi yako akiamka usiku kwenda kunywa maji anafunga pochi yake kwa kufuli. Nimeona na nimenyamaza. Wewe nasikia umepewa onyo. Ulistahili, na nimefurahi ni onyo tu.

Fundi saa alirudishwa wa kwanza. Konea ilipatikana wiki iliyopita, akapasuliwa Jumatatu. Kidonda kilikuwa kimekula sana, daktari hakuahidi kitu. Niliomba nikae naye wodini, kwa kuwa hana mtu. Wauguzi walinitazama kwa jicho la pembeni, wanajua mimi ni nani. Hata maji niliyomletea waliyanusa kwanza.

Jana wamemfungua. Daktari alimuuliza anaona nini. Akasema anaona ukungu, na dirisha, na mwanamke mzee amekaa kwenye kiti, hamjui.

Nikamwambia, "Ni mimi."

Alinitazama muda mrefu, jicho limejaa maji. Kisha akasema, "Vizuri. Sasa nitakuwa nawaona mkija."

Daktari alicheka. Mimi sikujua kama ni utani, na yeye hakusema.

Kesho nakwenda tena.

Mama yako